Pengo Mbele ya Nyumba ya Mwalimu

"Munira! Njoo uone, choo kinarudisha!"

Sauti ya Bi Mwanaheri ilitoka uani ikiwa na aibu, kana kwamba yeye ndiye aliyekiharibu. Munira aliacha chai jikoni akatoka. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na sasa imekatika, lakini uani kwake maji hayakuwa yamekwenda popote. Yalisimama kutoka kizingiti cha jikoni mpaka ukutani, rangi ya uji wa ulezi, ndala moja ya mumewe ikielea katikati. Mama mkwe wake alikuwa mlangoni mwa choo, kanga ameikunja mpaka magotini, mkono umeng'ang'ania fremu.

"Nimemwaga ndoo moja tu," alisema. "Ikashuka kidogo, halafu ikapanda yote. Na ya jana."

"Toka, mama. Utateleza."

Munira alimshika kiuno wakavuka taratibu, kwa sababu goti la kulia la bibi lilikuwa halikunjiki tena. Alimkalisha barazani, akamkausha miguu kwa kanga kuukuu, kisha akaenda kufungua geti ili ajue maji yanatoka wapi. Alikuwa anajua. Alitaka tu kukosea.

Barabara ilikuwa kavu. Ilikuwa imelala juu pale, nyekundu, imeshindiliwa vizuri, imepanda karibu kufika goti juu ya kizingiti cha geti lake. Maji ya mvua yaliyokuwa yakishuka kutoka nyumba za juu hayakupata nafasi ya kukatiza, yakawa yanafuata ubavu wa barabara, na yakifika kwa Munira yanageuka na kuingia ndani bila hodi.

Mama mmoja alipita akimpeleka mtoto shule.

"Hongera mwenyekiti! Leo wanakwenda na soksi nyeupe!"

"Ahsante, mama," alijibu Munira, na akasukuma geti kwa mguu lisionyeshe uani.

Barabara ile haikuwa ya serikali. Ilikuwa njia waliyoachiana watu walionunua viwanja katika shamba moja la mikorosho huku Bunju, na kila masika ilikuwa inageuka tope la kumeza viatu. Manispaa haikuwa nayo kwenye ramani. Basi watu wa nyumba zile walijitengenezea wenyewe, na mwenyekiti wa kamati yao, mwenye sauti, alikuwa Munira. Ndiye aliyegonga milango, ndiye aliyebishana na wenye malori, ndiye aliyesimama juani na kamba kuonyesha kifusi kimwagwe wapi. Katika kila kikao neno lilikuwa moja: tunyanyue. Hakuna aliyeuliza maji yatakwenda wapi. Kwa watu waliokanyaga tope miaka yote ile, barabara nzuri ni barabara iliyo juu, basi.

Na utaratibu ulikuwa kwamba kila mtu anachangia kipande cha mbele ya kwake, na asiyechangia anarukwa. Aliyerukwa alikuwa mmoja, jirani wa Munira wa upande wa bondeni, Mwalimu Demetria, mstaafu wa shule ya msingi. Barabara ilishuka pale ghafla, ikawa na pengo la urefu wa gari, kisha ikapanda tena. Magari yalilishuka na kulipanda yakiunguruma, na mtaani wakalipa jina: pengo la mwalimu.

*

"Tuite gari la kunyonya," alisema Munira jioni.

Mumewe, Twalib, alikuwa amesimama uani na suruali ameipandisha. Alikuwa mtunza stoo katika duka la vifaa vya ujenzi Tegeta, mtu wa maneno machache, na machache hayo huyasema ukiwa umeshachoka kuyasubiri.

"Wanyonye nini? Chemba imejaa maji ya mvua. Wakinyonya leo, ikinyesha kesho imejaa. Utakuwa unanyonya Bunju nzima."

"Basi wewe unasemaje?"

"Mie nilisemaga."

"Ulisema nini, Twalib? Ulikuwa unapigia makofi kama wenzio!"

Ni kweli alipiga makofi. Alitembea mpaka ukuta wa chini, ule unaowatenga na Mwalimu Demetria, akachungulia upande wa pili.

"Kwa mwalimu pakavu," alisema.

"Haiwezekani."

"Njoo uone."

Munira alipanda juu ya ndoo. Uwanja wa mwalimu ulikuwa na unyevunyevu tu. Kuku walikuwa wanaparua. Maji yote yaliyoingia kwa mwalimu yalikuwa yametiririka mpaka mbele, yakatokea kwenye pengo, yakavuka barabara na kushuka korongoni kama yalivyokuwa yakifanya kabla ya mtu yeyote kuleta kifusi. Pengo walilomwachia ili limwadhibu ndilo lililomwokoa.

"Tukitoboa ukuta hapa chini," Twalib alisema, akigusa tofali kwa kidole gumba cha mguu, "maji yatapita pembeni mwa kiwanja chake, yatokee pengoni. Kesho ni Alhamisi. Keshokutwa mie mapumziko, naweza kutoboa."

"Mpaka akubali."

"Mpaka akubali."

"Na Jumamosi?" Munira aliuliza.

Twalib alimtazama. Jumamosi lori lilikuwa linakuja kuziba pengo. Gibson, wakala wa forodha anayeishi nyumba ya juu kabisa, alikuwa amechoka gari lake kukwangua tumbo pale, akatoa pesa ya tripu nzima mfukoni mwake. Aliyemshawishi atoe ni Munira. Aliyeagiza lori ni Munira.

*

Watu wa nyumba ile walianza kuhangaika na haja zao. Twalib alimalizia msikitini kabla ya kupanda gari. Bi Mwanaheri, ambaye asingeweza kufika mbali na goti lile, alichukua mkongojo wake asubuhi akaenda moja kwa moja kwa Mwalimu Demetria, akapiga hodi, akaingia, akatoka, na akarudi na yai mkononi.

"Kanipa yai," alisema. "Mtu mwema sana yule. Kaniuliza, Munira hajambo? Nikamwambia hajambo, ila kajibana."

"Mama!"

"Nimesema uongo?"

Munira mwenyewe alikataa kwenda kwa mwalimu. Alijibana mpaka saa nne, akajifanya ana shida sokoni, akaenda choo cha kulipia stendi, ambako kijana wa mlangoni alimkatia kipande cha karatasi chembamba kama jani la kitunguu. Aliporudi akanywa maji kidogo tu. Mchana akajuta kula maharage. Ilipofika saa tisa alikuwa anazunguka uani kwenye maji, akishika ukuta, akiachia, akishika tena, na mama mkwe wake barazani anachambua mchele bila kumtazama.

"Utapasuka," alisema Bi Mwanaheri.

Munira alijifunga kanga akatoka.

Tatizo halikuwa choo. Tatizo lilikuwa sauti aliyoituma katika kundi la simu la mtaa, siku mwalimu aliposema hana mchango mwezi ule. Munira aliirekodi akiwa na hasira za jua na kifusi, tena alijisikia vizuri alipomaliza. "Wapo wanaopenda kukanyaga jasho la wenzao," alisema katika sauti ile. "Pensheni inaingia, ila ya barabara haipo. Basi sie hatumnyanyulii mtu. Akae na madimbwi yake, ayafundishe hesabu." Watu walicheka. Gibson aliweka vikatuni vya kucheka mstari mzima. Tangu siku ile Munira na mwalimu walisalimiana kwa kope.

"Hodi, mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba." Mwalimu Demetria alikuwa anamenya ndizi kwenye beseni, miwani imeshuka puani. Hakuinuka. "Karibu."

"Nilikuwa... naomba..."

"Kiko nyuma kulia. Ndoo ya maji iko mlangoni. Ukimaliza ijaze pale bombani, kuna wengine watakuja."

Hakuna neno la kejeli lililotoka, na hilo ndilo lililomuuma Munira zaidi. Kilikuwa choo kidogo, kimesuguliwa, na dirishani kulikuwa na kipande cha sabuni juu ya kisosi. Alipotoka alijaza ndoo mpaka ikafurika, akaifuta pembeni kwa pindo la kanga yake, akabaki amesimama karibu na beseni la ndizi kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Kaa," alisema mwalimu. "Au una haraka ya kamati?"

Munira alikaa kwenye kigoda. Akachukua kisu cha pili, akaanza kumenya. Alikuwa hajui kumenya ndizi za kupika. Alikata nyama nyingi pamoja na ganda.

"Unazimaliza," mwalimu alisema. "Taratibu, kata juu juu."

"Mwalimu, maji yamejaa kwangu."

"Naona. Mama mkwe wako kanieleza."

"Twalib anataka kutoboa ukuta pale chini. Yapite pembeni hapa kwako, yatokee mbele."

"Yapite pembeni hapa kwangu," mwalimu alirudia. "Halafu Jumamosi mnaziba mbele. Yakifika pale yanasimama, yanarudi. Tunakuwa na bwawa moja kubwa, mie na wewe. Tutafuga nini, Munira? Perege?"

Munira alijikuta anacheka, halafu macho yakamjaa.

"Nitalizuia lori."

"Uliloliita wewe."

"Nililoliita mie."

Mwalimu alifuta mikono yake. "Nikuambie kitu. Ile sauti yako niliisikilizia kwenye jumuiya. Tuko kumi na wawili tunasali nyumbani kwa Jenipher hapo juu, simu ikalia, nikadhani ni mdogo wangu wa Bukoba, nikabonyeza. Ikasema yote. Kwa nguvu. Wenzangu wakainamisha vichwa kama vile sala inaendelea."

Munira aliweka kisu chini.

"Mwezi ule nilikuwa naezeka," mwalimu aliendelea. "Bati zilikuwa zinavuja juu ya kitanda. Ungekuja kuniuliza ningekuambia. Hukuja. Uligonga mlango wa kila mtu, wangu ukaupigia simu."

"Nisamehe, mwalimu."

"Toboeni ukuta. Sina ugomvi na maji. Ila pengo lisizibwe mpaka liwekwe bomba chini, maji yapite. Na uwaambie hivyo kulekule, kwa mdomo uleule."

*

Kuwaambia kulikuwa kugumu kuliko kumenya ndizi. Munira alirekodi mara ya kwanza akafuta, maana sauti ilitoka kama ya mtu anayeomba kura. Mara ya pili ng'ombe wa jirani alilia katikati. Mara ya tatu aliachia tu.

"Jamani, mie ni Munira. Kwangu maji yameingia mpaka jikoni na choo kimejaa. Tulinyanyua barabara tukasahau maji, na mie ndiye niliyekuwa nasimamia. Nimemwomba mwalimu radhi kwa yale niliyosema, na ninyi mliosikia naomba radhi. Lori la Jumamosi tulisimamishe. Tutafute bomba la kalavati kwanza, halafu ndiyo tujaze."

Alama zilionyesha watu wameisikiliza. Mmoja akaandika "pole mama Talha," akimwita kwa jina la mwanawe, akaacha hivyo hivyo. Kisha Gibson akapiga simu badala ya kuandika.

"Mama Talha, nakuheshimu sana," alianza, na Munira akajua anachofuata si heshima. "Lakini ishu ya choo chako ni ya nyumbani kwako. Usiifanye ya mtaa."

"Maji yanatoka kwako, baba. Yanashukia kwangu."

"Mie nimejaza mbele ya kwangu, nimelipa, niko juu. Sasa niadhibiwe kwa kujiweka sawa? Ulisema mwenyewe, asiyejaza akae na madimbwi."

"Nilisema."

"Bomba la kalavati lile la zege unajua bei yake? Nani atalipa? Mwalimu?"

"Tutachanga."

"Tumechoka kuchanga. Lori linakuja. Tuzibe, tupite. Bomba tutaona baadaye."

Munira alijua hiyo baadaye. Alikuwa ameitumia yeye mwenyewe, mara nyingi, kwa sauti ya kujiamini kuliko ya Gibson.

Ijumaa Twalib alitoboa ukuta. Aling'oa tofali mbili za chini, maji yakaanza kutoka yakisukuma takataka, na harufu iliyotoka nayo iliwafanya kuku wa mwalimu wapande juu ya bati. Mwalimu alifunga dirisha. Kufikia jioni uani kulibaki tope na mstari mweusi ukutani kuonyesha yalikofika. Bi Mwanaheri alimwaga ndoo chooni, akasubiri, akatoa kichwa nje.

"Imeshuka! Ila inanung'unika."

*

Jumamosi asubuhi wingu lilikuwa limekaa chini. Lori lilikuja likirudi kinyumenyume kutoka barabara kubwa, kifusi cha nyumba iliyovunjwa mahali fulani kimejaa mpaka juu, vipande vya vigae vya bafuni viking'aa ndani yake. Munira alikuwa amesimama katikati ya pengo na jembe. Mwalimu Demetria alikuwa getini kwake na mwavuli uliofungwa. Gibson alishuka kwa miguu akiwa na kaptula na ndala, na majirani wengine wakatoka mmoja mmoja, kila mtu akisimama mbele ya kipande chake mwenyewe.

"Sista, sogea," dereva aliita. Alikuwa Mfaume, aliyeleta kifusi chote cha barabara ile, na alizoea kumsikiliza Munira. "Au nimwage wapi leo?"

"Usimwage, Mfaume. Leo hakuna kumwaga."

"Si uliniita wewe?"

"Nilikuita mie. Nimeghairi."

"Mwaga," alisema Gibson. "Mzigo ni wangu, nimeulipia."

Mfaume alizima injini, akaegemeza kiwiko dirishani. "Wazee, mie nina tripu nyingine Boko. Simwagii mtu mguuni."

"Mama Talha," Gibson alishusha sauti, kwa sababu watu walikuwa wanatazama, "unajidhalilisha. Toka hapo."

"Nimeshajidhalilisha, baba. Juzi nilikuwa nabeba ndoo ya chooni kwa mwalimu. Hii ya leo ndogo."

Mtu mmoja alicheka, akajizuia. Jenipher, mwenye nyumba ya pili kutoka juu, alisema, "Lakini kweli, Gibson, likizibwa hili, maji si yatapanda yatufikie na sie?"

"Hayawezi kupanda mlima!"

"Hayapandi mlima, yanajaa," alisema mwalimu kutoka getini. "Nimefundisha miaka thelathini, Gibson. Hata watoto wangu wa darasa la tatu wangekuelewesha."

Gibson alichomwa na maneno yale. Alimtazama mwalimu, akamtazama Munira, akatazama wingu.

"Sawa," alisema. "Basi kuanzia leo uenyekiti uuache. Mtu hawezi kuongoza barabara na kuibomoa."

"Chukua," Munira alisema. Neno lilitoka jepesi kuliko alivyotarajia. Alikuwa amependa kuitwa mwenyekiti.

"Mfaume, geuza. Kamwage mbele ya geti langu," Gibson alimwambia dereva.

"Gibson," Jenipher alisema, "kwako si kumeshajaa?"

"Nanyanyua tena. Pesa yangu."

Lori lilipanda juu likiunguruma, likainua mgongo mbele ya geti la Gibson, na kifusi kikashuka kwa kishindo. Munira alilitazama lile rundo. Kila ndoo ya maji ambayo lingeikataa ingeshuka kwake. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha Gibson kunyanyua.

Matone ya kwanza yalipoanguka watu walikimbilia ndani. Mvua haikuanza pole pole. Ilimwagika. Munira alibaki pengoni na jembe lake, na baada ya muda Mwalimu Demetria akaja kusimama kando yake, mwavuli ukiwafunika nusu nusu. Maji ya juu yalifika getini kwa Munira, yakaingia ndani kama kawaida yao, na wote wawili wakageuka kulitazama tundu la ukutani. Yalitokea. Kwanza uzi mwembamba, kisha mkono mzima, yakikimbia pembeni mwa kiwanja cha mwalimu, yakaingia pengoni, yakawa mengi kuliko nafasi yake, yakagonga ukingo wa barabara iliyonyanyuliwa upande wa chini.

Ukingo ukaanza kumeguka. Vipande vya moramu, udongo ule mwekundu wa barabara, vile vilivyoshindiliwa kwa siku nzima Munira akisimamia, vilianguka kimoja kimoja ndani ya maji na kuyeyuka.

"Munira!" Jenipher aliita kutoka barazani kwake, viganja ameviweka mdomoni. "Barabara inaliwa! Weka mawe! Zibia hapo!"

Mawe yalikuwepo. Twalib alikuwa amelundika mawe na tofali zilizovunjika kando ya pengo, na Munira alijua sawasawa zinavyopangwa ili ukingo usimame. Amepanga mengi mtaa ule. Alijua pia kuwa mawe yakipangwa pale, maji yatasita, yatatafuta, yatarudi nyuma mpaka kwenye mlango wa choo ambao Bi Mwanaheri alikuwa ameshika fremu yake.

Alimtazama mwalimu. Mwalimu alikuwa anatazama maji, midomo ameikaza.

"Munira! Husikii?"

Alikanyaga tofali zile akapita. Akainua jembe, akalichomeka kwenye ukingo wa barabara, akavuta kwa nguvu zote za mgongo. Kipande kikubwa kama meza kilikatika kikaanguka, na maji yakapita.